Kihori cha Seva: Kumbukumbu Unayoitenga Kabla Kerneli Haijaanguka

Mjini Lamu, seva ikizimika usiku mshtakiwa wa kwanza ni stima, na aghalabu kesi huishia hapo. Stima ilikatika, ikarudi, mashine ikawaka, watu wakaendelea na kazi zao. Nimeyasikia maelezo hayo kwa miaka katika ofisi za Langoni na Mkomani ninakotengeneza kompyuta, na mara nyingi yalikuwa ya kweli. Lakini asubuhi moja mhasibu wa ofisi iliyo karibu na Mkunguni, mama mtu mzima ambaye sijawahi kumwona akikosea hata senti, alinipigia simu.

"Mwanangu, ile mashine imezimika yana usiku, kisha ikajiwasha yenyewe."

"Huenda ni stima, mama."

"Stima ilikuwapo. Nilikuwa nimekaa papa hapa nafunga hesabu za mwezi, na feni inazunguka juu ya kichwa changu."

Feni inayozunguka ni ushahidi mzito. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Nilipofungua kumbukumbu za matukio nikakuta mistari ya kawaida hadi saa nne na dakika kumi usiku, kisha kimya, kisha mistari ya mashine inayowaka upya. Katikati hakuna neno lolote. Nikaenda kwenye folda ya `/var/crash`, ambako mashine ya Linux iliyoandaliwa vizuri huacha maiti yake ipimwe. Ilikuwa tupu. Na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kdump, chombo cha kuhifadhi kumbukumbu ya mashine inapoanguka, nilikuwa nimeisakinisha mwenyewe katika mashine ile.

Makala haya yanaeleza kwa nini folda ile ilikuwa tupu. Jibu limo katika nambari moja tu, kiasi cha kumbukumbu kilichotengwa, lakini ili nambari hiyo ieleweke lazima tuanzie mbali kidogo.

Aliyeanguka hajiandikii

Kerneli ndiyo sehemu ya Linux inayoshika usukani. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na diski, inayopokea data kutoka kadi ya mtandao. Programu ya kawaida ikianguka, kerneli iko juu yake: inaizika na kazi inaendelea. Kerneli yenyewe ikigundua kwamba mambo yake ya ndani yameharibika kiasi cha kutoweza kujiamini, husimamisha kila kitu. Hali hiyo mafundi tunaiita paniki.

Sasa fikiria maneno ya mwisho ya kerneli iliyo katika paniki. Yako kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukizimwa. Ili yafike kwenye diski yanahitaji mfumo wa mafaili, draiva ya diski (programu inayoiendesha), na mpangilio mzima wa kazi, na vyote hivyo vinaendeshwa na kerneli ileile iliyoanguka. Pengine draiva ya diski ndiyo iliyosababisha ajali. Pengine orodha inayosema faili gani liko wapi ndiyo iliyoharibika, na ukiilazimisha kuandika itaandika juu ya hesabu za miaka mitano. Ndiyo maana kumbukumbu za matukio hukatika ghafla: kerneli ilikuwa na la kusema, ila haikuwa na njia salama ya kulisema. Zamani zilijaribiwa njia za kuifanya kerneli iliyoanguka ijitapikie kwenye diski au mtandao, na matokeo yake hayakuaminika, kwa sababu hiyo hiyo.

Suluhisho lililoingia katika Linux 2.6.13 mwaka 2005 liligeuza swali. Kama aliyeanguka hawezi kujiandikia, mwache. Mlete mwingine mzima aje amtazame. Chombo cha kwanza kinaitwa kexec: kinaweza kuianzisha kerneli mpya moja kwa moja kutoka ndani ya ile iliyopo, bila kupitia BIOS, programu ya kwanza ya kuwashia mashine, na bila kuzima umeme, hivyo RAM haifutwi. Chombo cha pili, kdump, kinatumia njia hiyo wakati wa paniki. Kerneli ya pili huamka, huiona kumbukumbu ya marehemu kupitia faili liitwalo `/proc/vmcore`, hulinakili mahali salama, kisha huwasha mashine upya kama kawaida.

Watu wa huku wataelewa haraka nikiwaambia watazame jahazi. Jahazi likitoka Lamu na shehena ya boriti, nyuma yake hufungaswa kihori, yaani mtumbwi mdogo. Kihori kile hakipakiwi kitu. Safari nzima kinaonekana kama mzigo wa bure, kamba inavuta, mwendo unapungua kidogo. Jahazi likigonga mwamba ndipo kila mtu anapojua kwa nini hakikujazwa magunia: kwa sababu siku hiyo lazima kiwe kitupu, kizima, na kiweze kubeba watu wake. Kumbukumbu inayotengwa kwa kdump ndiyo kihori hicho. Hutengwa mashine inapowaka, kabla programu yoyote haijapata nafasi, na haiguswi tena hadi siku ya ajali.

Kwa nini isitumie nafasi yoyote iliyo wazi

Hapa ndipo wengi hukwama, na ni swali zuri. Kama seva ina GB 64 na nusu yake iko wazi, kwa nini kerneli ya pili isiingie tu humo?

Sababu ya kwanza ni kwamba kerneli ya pili ikiingia katika kumbukumbu ya kawaida itafuta ushahidi ilioitwa kuuhifadhi. Sababu ya pili ni nzito zaidi na haionekani kwa macho. Vifaa vingi ndani ya seva, kama kadi ya mtandao na kadi ya diski, havingoji prosesa iwashike mkono. Huandika vyenyewe moja kwa moja ndani ya RAM, mahali vilipoelekezwa. Kerneli ilipokuwa hai iliiambia kadi ya mtandao, "data ikija, iweke hapa." Kerneli imekufa, lakini kadi haina habari. Pakiti zikiingia inaendelea kuziweka palepale ilipoagizwa. Kerneli ya pili ikijenga nyumba yake mahali hapo, itaandikiwa juu ikiwa hai. Sehemu iliyotengwa tangu mwanzo haijawahi kuelekezwa kwa kifaa chochote, kwa hiyo ndiyo mahali pekee penye uhakika.

Kuna hata ukaguzi wa mwisho. Kerneli ya pili inapopakiwa ndani ya sehemu ile, alama ya SHA-256 ya yaliyomo huhifadhiwa. Wakati wa ajali, kipande kidogo cha msimbo kinachosimama kati ya kerneli mbili hukokotoa alama upya kabla ya kuruka. Ikitofautiana, hakiruki. Napenda sana uangalifu huo: hata kihori hupigwapigwa mbao zake kabla mtu hajatia mguu.

Basi kiasi gani?

Nambari inawekwa kwenye mstari wa kuwashia kerneli kwa neno `crashkernel`. Mashine ile ya Mkunguni ilikuwa na Ubuntu iliyosasishwa mara kadhaa kutoka toleo kongwe, na ilikuwa imerithi mpangilio wa zamani:

`crashkernel=384M-:128M`

Maana yake: kama mashine ina RAM ya MB 384 au zaidi, tenga MB 128. Zama zile zilitosha. Mimi niliuona mstari huo, nikaona neno `crashkernel` lipo, nikaridhika. Kosa langu lilikuwa hapo.

Fikra inayopotosha wengi ni kwamba kiasi cha kutenga ni asilimia fulani ya RAM. RAM kubwa, hifadhi kubwa. RAM ndogo, hifadhi ndogo. Uhusiano upo, lakini ni dhaifu kuliko unavyodhaniwa. Kinachoamua hasa ni kile ambacho kerneli ya pili italazimika kupakia ili iweze kufanya kazi yake. Kumbuka kwamba kwa kerneli hiyo, sehemu iliyotengwa ndiyo RAM yake yote. Seva yako inaweza kuwa na GB 512, lakini kerneli ya pili inajiona imezaliwa katika kompyuta yenye MB 128 tu, na humo lazima iingie yenyewe, draiva zake, mfumo mdogo wa mafaili wa kuanzia ambao hufunguliwa ndani ya RAM, programu ya kunakili, na nafasi ya kupitishia data inayoandikwa.

Tuanze na draiva, kwa sababu ndizo zinazokula zaidi. Kadi ya mtandao ya kasi kubwa hufungua foleni nyingi, na kila foleni inashika kumbukumbu yake. Kadi za diski za RAID zina tabia hiyohiyo. Foleni na mambo mengi ya ndani ya kerneli huzidishwa kwa idadi ya prosesa, ndiyo maana kerneli ya pili huwashwa na agizo la `nr_cpus=1`: prosesa moja tu, hata kama seva inazo 48. Ukiona mtu ameliondoa agizo hilo ili kunakili kuende kasi, ujue ameongeza mahitaji ya kumbukumbu bila kujua.

Kisha mahali unapoandikia. Kuandika kwenye diski ya ndani kunahitaji draiva ya diski na mfumo wa mafaili. Kupeleka kwenye seva nyingine kwa NFS au SSH kunahitaji pia kadi ya mtandao iamke, ipate anwani, na programu zaidi zipakiwe. Hifadhi iliyotosha kwa diski inaweza isitoshe kwa mtandao.

Halafu kuna diski zilizofungwa kwa usimbaji, na hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu mtego huu huonekana mara chache katika maelezo ya Kiswahili, au hauonekani kabisa. LUKS2, mfumo wa Linux wa kusimba diski, hutumia kanuni ya Argon2 kulinda nenosiri, na kanuni hiyo imekusudiwa kula kumbukumbu ili kumchosha mwizi. Kwa kawaida huweza kudai hadi GB 1 kufungua diski. Kerneli ya pili yenye MB 256 haiwezi kamwe kuufungua mlango huo. Kama `/var/crash` iko ndani ya diski ya namna hiyo, ama utenge zaidi ya GB 1, ama uelekeze nakala mahali pengine. Na hata ukitenga, kuna jambo la nani ataandika nenosiri saa tisa usiku.

Na RAM yenyewe? Inachangia hivi. Programu ya kunakili, makedumpfile, huweka ramani ya kurasa za kumbukumbu ili ijue ipi ichukuliwe na ipi iachwe. Kurasa ni za KB 4, na kila ukurasa unahitaji biti 2. Seva ya GB 64 ina kurasa 16,777,216, kwa hiyo ramani ni MB 4 tu. Seva ya TB 1 ingehitaji MB 64. Tangu toleo la 1.5.0 programu hii inaweza kufanya kazi kwa mizunguko, ikishughulikia sehemu kwa sehemu, hivyo hata gharama hiyo ina mpaka. Ndiyo maana nasema uhusiano ni dhaifu: kutoka GB 64 hadi TB 1 ramani imeongezeka kwa MB 60, ilhali kadi moja ya mtandao inaweza kushika zaidi ya hapo.

Watengenezaji wa mifumo wamejifunza hayo kwa kuongeza viwango hatua kwa hatua. Red Hat Enterprise Linux 8 ilikuwa na `crashkernel=auto`, mfumo ukijipangia wenyewe. Toleo la 9 liliondoa neno hilo, na kwa mashine za x86_64 (zenye prosesa za kawaida za Intel na AMD) likaweka wazi:

`crashkernel=1G-4G:192M,4G-64G:256M,64G-:512M`

Isome kama bei za mizigo kwenye gati: mashine ya kuanzia GB 1 hadi chini ya GB 4 itenge MB 192, ya GB 4 hadi chini ya GB 64 itenge MB 256, kuanzia GB 64 kwenda juu itenge MB 512. Chini ya GB 1, hakuna kinachotengwa. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba mstari mmoja unafaa kwa seva zote za ofisi. Viwango hivi ni pa kuanzia, vimepimwa kwa mashine za kawaida zinazoandika kwenye diski ya kawaida. Mashine yako ikiwa na lolote kati ya niliyoyataja juu, ongeza.

Sasa malalamiko ambayo lazima utayasikia: "Fundi, RAM imepungua." Ni kweli. Ukiandika `free -h` baada ya kutenga, jumla inashuka, kwa sababu sehemu ile haihesabiwi tena kuwa mali ya mfumo. Pima hasara kabla ya kujibu. MB 512 kutoka GB 64 ni sehemu moja kati ya 128. Hakuna mtumiaji atakayeihisi. Lakini kwa mashine pepe ya GB 2, MB 192 ni zaidi ya asilimia 9, na hiyo inauma kweli. Kwa mashine ndogo kama hiyo inayoendeshwa ndani ya KVM, mfumo wa Linux wa mashine pepe, ni afadhali kuichukua kumbukumbu kutoka nje, kwenye mashine mama, kwa `virsh dump --memory-only`. Mashine mama haijaanguka, na haihitaji kihori ndani ya kihori.

Jambo moja zaidi kuhusu mahali. Nafasi inayotengwa lazima iwe kipande kimoja kisichokatika. Baadhi ya vifaa hufikia tu anwani zilizo chini ya GB 4 za kwanza, na huko chini kuna msongamano. Ukihitaji kipande kikubwa, unaweza kuagiza kiwekwe juu kwa `crashkernel=1G,high`, na kerneli itabakisha kipande kidogo chini kwa ajili ya vifaa hivyo; ukitaka kukipanga mwenyewe, ongeza `crashkernel=256M,low`. Wengi hawatahitaji hili kamwe.

Kuipanga, kisha kuihakiki

Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi kinaitwa `kdump-tools`, na mstari wa `crashkernel` hukaa katika `/etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg`. Angalia usiuandike tena katika `/etc/default/grub`. Ukiwapo mara mbili, ule wa mwisho ndio utakaofuatwa, na utapoteza mchana mzima ukibadilisha ule usiosomwa. Ukimaliza, `update-grub`. Kwa ndugu wa Red Hat:

`grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=512M"`

`systemctl enable --now kdump`

Lazima uwashe mashine upya, kwa sababu nafasi hutengwa mapema mno, kabla ya kitu kingine chochote. Ukitenga nyingi kupita kiasi unaweza kupunguza bila kuwasha upya, kwa kuandika idadi ndogo ya baiti ndani ya `/sys/kernel/kexec_crash_size` kerneli ya pili ikiwa haijapakiwa. Kuongeza haiwezekani. Kwa hiyo ukiwa na shaka, anza na nyingi.

Mashine ikiamka, tazama mambo mawili:

`cat /sys/kernel/kexec_crash_size`

`cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded`

La kwanza likionyesha 0, hakuna kilichotengwa. La pili lazima lionyeshe 1; likionyesha 0, kihori kipo lakini hakuna baharia ndani yake, yaani nafasi imetengwa bila kerneli ya pili kupakiwa. Fedora na Red Hat wana pia `kdumpctl estimate`, inayokadiria kiasi kinachofaa kwa kuangalia draiva zilizopo. Ni msaada mkubwa, lakini ni makadirio.

Mashine ya Mkunguni ilikuwa imepita ukaguzi wote huo. Nafasi ilikuwapo, kerneli ilikuwa imepakiwa, 1 ilikuwa 1. Kilichokosekana ni jaribio. Na jaribio la kdump ni moja tu: iangushe seva kwa makusudi.

Nilimweleza mama mhasibu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa makusudi, mwanangu?" Nikamwambia naam, na nakala ya hesabu zote iko pembeni. Tukachagua Ijumaa, ofisi ikiwa imefungwa kwa sala na hakuna anayetumia mfumo. Baada ya sala nikarudi, nikachomeka skrini moja kwa moja kwenye seva, kwa sababu maandishi ya kerneli ya pili huonekana hapo na si kwenye muunganisho wa mbali, nikaandika:

`sync`

`echo c > /proc/sysrq-trigger`

Herufi `c` ikiingia katika faili hilo, kerneli hujiangusha papo hapo. Skrini ilijaa maandishi, ikatulia, kisha kerneli ya pili ikaanza kuamka. Draiva ya kadi ya diski ikapakiwa. Draiva ya kadi ya mtandao ikaanza kupakiwa. Kisha ukaja mstari wenye maneno `Out of memory`, ukafuatwa na mwingine, na mashine ikajiwasha upya. `/var/crash` ilikuwa tupu, vilevile kama usiku wa feni inayozunguka.

Basi kila mara seva ilipoanguka mwezi ule, kdump ilikuwa imeitika. Kerneli ya pili ilikuwa imeamka gizani, ikajaribu kufanya kazi yake ndani ya MB 128, ikazama, na hakuna aliyeiona. Niliketi pale nikiwaza mashine ngapi nyingine nimeziacha hivyo, zikiwa na 1 mahali pa 1.

Nikapandisha hadi MB 512. Jaribio la pili lilipita. Mfumo ulichukua muda mfupi kunakili, na faili halikufika GB 2, ingawa RAM ni GB 64. Hilo ni kwa sababu ya agizo la `-d 31` la makedumpfile. Nambari 31 ni jumla ya 1, 2, 4, 8 na 16, na kila moja inataja aina ya kurasa za kuachwa: zilizojaa sifuri, akiba ya mafaili ya aina mbili, kurasa za programu za watumiaji, na zilizo wazi. Kinachobaki ni kerneli yenyewe, na kwa kawaida ndicho unachokitafuta. Bila kuchuja, ungeandika GB 64 nzima. Kwenye diski ya MB 100 kwa sekunde hizo ni takriban dakika 11 za seva iliyosimama, na diski iliyojaa. Ikiwa seva ina kipima saa cha kujiwasha yenyewe isipojibu, dakika 11 zinatosha kukifanya kikate kazi njiani.

Siku kumi na mbili baadaye ikaanguka kweli. Katika `/var/crash` palikuwa na folda yenye tarehe, na ndani yake mafaili mawili: moja kubwa lenye kumbukumbu, na jingine dogo linaloanza na `dmesg`, lenye maneno ya mwisho ya kerneli. Anza daima na lile dogo. Mara nyingi linatosha, na linasomeka kwa macho. Lile kubwa hufunguliwa kwa programu iitwayo crash, na linahitaji kerneli ya toleo lilelile yenye alama za utatuzi; ukikosa alama hizo una maiti lakini huna majina ya viungo vyake. Ndani ya crash, `bt` huonyesha mlolongo wa kazi zilizokuwa zikitendeka hadi pumzi ya mwisho. Mlolongo wetu uliishia ndani ya draiva ya kadi ya mtandao. Tukasasisha kerneli, na ajali zile zikakoma.

Tangu siku hiyo nimeweka sheria kwangu: kila kerneli ikisasishwa, jaribio hurudiwa, kwa kuwa draiva huongezeka na mfumo wa kuanzia hunenepa.

Seva isiyoanguka ila imeganda

Kdump huitika paniki tu. Seva iliyoganda, isiyojibu na isiyokufa, haitaamsha kerneli ya pili hadi uiambie kwamba kuganda nako ni ajali. Kuna mipangilio ya hilo: `kernel.softlockup_panic=1` kwa prosesa iliyonasa, `kernel.hung_task_panic=1` kwa kazi iliyokwama muda mrefu, na `kernel.panic_on_oops=1` kwa jeraha ambalo kerneli ingejaribu kulivumilia. Huo wa mwisho nauweka katika kila seva ya hesabu, maana kerneli iliyojeruhiwa inayoendelea kuandika data za watu inanitisha kuliko iliyosimama. Huo wa kazi zilizokwama uweke kwa uangalifu. Diski ya mtandao ikichelewa tu, utaangusha mashine nzima. Na ikiwa seva ina kidhibiti chake cha mbali, `ipmitool chassis power diag` pamoja na `kernel.unknown_nmi_panic=1` hukuwezesha kuilazimisha paniki ukiwa mbali. Kwa anayelazimika kupanda boti kutoka Mokowe kila seva inapoganda, mistari hiyo miwili ina thamani ya nauli nyingi.

Lililomo ndani ya faili

Siwezi kumaliza bila hili. Faili la kumbukumbu ni picha ya ndani ya mashine. Hata baada ya kuchuja kurasa za programu, kerneli hubaki na pakiti za mtandao zilizokuwa njiani, majina ya mafaili, funguo za usimbaji wa diski, vipande vya maandishi ya watu. Usipochuja, vimo vyote: majina ya wateja, nambari za simu, mishahara. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na faili hilo ni data za watu kama ilivyo hifadhidata yenyewe. Nimeona mafaili ya namna hii yakitumwa kwa barua pepe kwa fundi wa mbali bila hata nenosiri. Usifanye hivyo. Tuma lile dogo la `dmesg` kwanza baada ya kulisoma. Lile kubwa likihitajika, lisimbe, jua anayelipokea ni nani, na ulifute likimaliza kazi. Folda ya `/var/crash` isomwe na msimamizi peke yake.

Mwezi uliopita mama mhasibu alipiga simu tena. Mashine imezimika, akasema, na safari hii feni haikuwa ikizunguka. Niliingia kwa mbali ilipowaka. `/var/crash` ilikuwa tupu, `kexec_crash_loaded` ilionyesha 1, kumbukumbu za matukio zilikatika katikati ya mstari, na UPS ilikuwa imeandika kwamba betri yake ilishindwa kushika hata dakika moja.

"Mara hii ni stima, mama," nikamwambia. "Na betri imechoka. Nakuja na mpya kesho."